Folda ya anwani ikitoweka kwenye baruapepe, usikimbilie kufuta akaunti

KATIBU wa shule ya upili anawasha tarakilishi asubuhi ili awaandikie wadhamini wanaowalipia karo wanafunzi wa familia maskini. Anafungua programu ya baruapepe, anabofya kitufe cha kuchagua wapokeaji, na pale palipozoea kujaa majina hapana hata moja.

Anwani alizozikusanya kwa miaka kumi, za wafadhili walio Nairobi, Mombasa na ng'ambo, hazionekani. Hana nakala kwenye karatasi, muhula unafunguliwa juma lijalo, na wanafunzi wanaoutegemea msaada huo hawana pengine pa kukimbilia.

Mkasa wa aina hii huwapata wengi: makarani, wachungaji, wafanyabiashara, waweka hazina wa vyama vya akiba. La kutia moyo ni kwamba mara nyingi anwani hizo huwa hazijapotea. Huwa zimo humo humo kwenye tarakilishi, ila programu imeacha kuzionyesha au inazitafuta mahali zisipokuwa.

Hasara ya kweli aghalabu hutokea baadaye, pale mwenye tarakilishi aliyetaharuki anapoifuta akaunti ili aiweke upya, au fundi anapoisafisha mashine nzima. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni kutofuta chochote hadi ujue anwani zilikuwa zimehifadhiwa wapi.

Makala haya yanazungumzia hasa programu ya Outlook ya Microsoft, ile ya zamani inayosakinishwa kwenye Windows na ambayo imezoeleka katika ofisi nyingi. Wanaotumia programu nyingine watapata maelezo mafupi kuelekea mwisho. Majina ya vitufe yametajwa kwa Kiingereza jinsi yanavyosomeka kwenye kiwambo, ili msomaji aweze kuyatambua.

Mambo matatu yanayochanganywa

Watu wengi hudhani kwamba majina wanayoyaona wakati wa kuandika baruapepe hutoka mahali pamoja. Sivyo. Kuna mambo matatu tofauti, na ni muhimu kujua ni lipi hasa lililotoweka.

La kwanza ni majina yanayojitokeza yenyewe pindi unapoanza kupiga herufi za jina la mpokeaji. Hayo si anwani ulizohifadhi. Ni kumbukumbu ya watu uliowahi kuwaandikia, na Outlook huweza kuweka hadi majina 1,000 ya namna hiyo. Hadi toleo la 2007, kumbukumbu hiyo iliwekwa katika faili la pekee lenye herufi NK2 mwishoni mwa jina lake. Kuanzia toleo la 2010 iliondolewa huko.

Mtu anapohamia tarakilishi nyingine, kumbukumbu hiyo huweza kuachwa nyuma. Akianza kuandika na jina lisijitokeze, hulia kwamba folda yake ya anwani imepotea, ilhali huenda hakuwahi kumhifadhi mtu huyo hata siku moja. Dawa yake ni kufungua barua za zamani, zilizotumwa na zilizopokelewa, kulibofya jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua 'Add to Outlook Contacts'.

Jambo la pili ni daftari la anwani, ambalo hufunguka unapobofya kitufe cha 'To'. Daftari hili ni kama dirisha tu. Lenyewe halihifadhi kitu. Linaonyesha yaliyomo katika folda zile ambazo limeruhusiwa kuzisoma. Isitoshe, huonyesha tu watu walio na anwani ya baruapepe au nambari ya faksi. Uliyemhifadhia nambari ya simu pekee hutamwona humo, hata ukimtafuta mchana kutwa.

Jambo la tatu ndilo ghala lenyewe: folda ya anwani, iitwayo 'Contacts'. Hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na nambari 3. Ukiifungua na ukakuta watu wako wote wamo, pumua, kwani tatizo lako ni la dirisha wala si la ghala.

Folda ipo, daftari halioni

Hali hii ni ya kawaida mno, hasa kwa mtu aliyejitengenezea folda za ziada. Tuseme yule katibu alikuwa na folda moja ya wazazi na nyingine ya wadhamini. Folda zote mbili zipo, lakini daftari linaonyesha ya wazazi peke yake.

Kwanza, tazama sehemu ya juu ya daftari palipo na orodha ya kuchagua, iliyoandikwa 'Address Book'. Ofisi zilizo na seva yao ya baruapepe huonyesha kwanza orodha ya wafanyakazi wote. Huenda folda unayoitaka iko chini yake ikingoja kuchaguliwa tu.

Ikiwa haimo katika orodha hiyo, rudi kwenye folda zako za anwani. Ibofye ile isiyoonekana kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua 'Properties', kisha ukurasa wenye jina 'Outlook Address Book'. Humo mna kisanduku kinachouliza iwapo folda hiyo ionyeshwe kama daftari la anwani. Weka alama, kisha ubofye 'OK'.

Pengine utakuta kwamba kisanduku hicho kimefifia na hakibofyeki, au ukurasa wenyewe haupo. Hiyo ni ishara kwamba huduma inayoliendesha daftari haipo katika mpangilio wako. Iongeze kwa kwenda 'File', 'Account Settings', kisha ukurasa wa 'Address Books'. Bofya 'New', chagua 'Additional Address Books', halafu 'Outlook Address Book'. Funga programu, uifungue tena, ndipo urudi kukiwekea kisanduku alama.

Kuna nyakati ambapo daftari hulalamika kwamba folda inayolihusu haiwezi kufunguliwa, kwa kuwa huenda imehamishwa au kufutwa. Ujumbe huo huwatisha watu bure. Mara nyingi maana yake ni kwamba daftari bado linaelekezwa kwenye faili la zamani ambalo halitumiki tena. Katika ukurasa ule ule wa 'Address Books', bofya mara mbili 'Outlook Address Book', liondoe jina lililokufa, kisha uiwekee folda ya sasa alama kama ilivyoelezwa.

Folda haionekani kabisa

Hali ya pili ni pale folda yenyewe haipo mahali ulipoizoea. Kabla ya kuhuzunika, bonyeza Ctrl pamoja na nambari 6. Upande wa kushoto utaona folda zote bila kubagua: za barua, za kalenda, za anwani na hata zilizofutwa.

Pitia orodha hiyo polepole, ukibofya kila kishale kidogo kilicho kando ya jina ili kufunua kilichofichwa chini yake. Mkono ukiteleza kwenye kipanya huweza kuiburuta folda moja na kuiangusha ndani ya nyingine bila mwenyewe kutambua. Folda ya wadhamini inaweza kuwa imelala ndani ya folda ya barua za mwaka uliopita.

Ikiwa folda ni nyingi, tumia utafutaji wa kina kwa kubonyeza Ctrl, Shift na F kwa pamoja. Ambia programu itafute 'Contacts', ichague akaunti nzima badala ya folda moja, kisha uandike jina la mtu mmoja unayemkumbuka vyema. Matokeo yakitokea, safu ya 'In Folder' itakutajia folda alimo. Mara nyingi ukimpata mmoja umewapata wote.

Iwapo majina ya folda yamevurugika upande wa kushoto ilhali utafutaji unaonyesha kwamba zipo, funga Outlook. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike outlook.exe /resetnavpane na ubofye 'OK'. Amri hiyo huujenga upya upande huo wa kiwambo. Haifuti anwani, ila huondoa njia za mkato ulizojiwekea.

Folda ipo lakini ni tupu

Tupu ya folda ina sababu mbili kuu. Ya kwanza ni kichujio. Programu huruhusu kuonyesha watu wa aina fulani pekee, mathalani walio wa kampuni moja, na kichujio hicho kikisahauliwa huwaficha wengine wote. Nenda 'View', kisha 'Reset View', na waliofichwa watajitokeza.

Sababu ya pili ni kuwepo kwa folda mbili zenye jina moja. Kila akaunti au faili la data linaloongezwa kwenye Outlook huweza kuja na folda yake ya 'Contacts'. Mtu aliyeongeza akaunti ya pili huweza kujikuta akitazama folda mpya isiyo na kitu, huku ya zamani ikiwa imejaa hatua chache tu chini yake. Ctrl na 6 zitakuonyesha zote mbili.

Kadhalika, Microsoft ilipotoa rasmi Outlook mpya ya Windows mnamo Agosti 2024, baadhi ya watumiaji walihamia huko kwa kubofya kitufe kimoja tu kilicho juu ya kiwambo. Anwani zilizo kwenye seva huonekana pia katika toleo hilo. Zile zilizohifadhiwa katika faili la tarakilishi pekee huenda zisionekane. Ikiwa folda yako ilitoweka siku ulipohamia, rudi kwenye toleo la zamani kwanza na uangalie.

Folda imefutwa

Ikiwa folda ilifutwa kwa bahati mbaya, safari ya kwanza ni kwenye 'Deleted Items'. Hapa wengi hukosea kwa kuangalia barua zilizofutwa na kuondoka. Folda iliyofutwa haikai miongoni mwa barua. Hukaa chini ya 'Deleted Items' kama tawi lake, na huonekana tu ukibofya kishale kilicho kando. Ukiipata, iburute uirudishe mahali pake.

Usipoikuta humo, na akaunti yako ni ya seva ya Microsoft, ipo nafasi nyingine. Ukiwa umefungua 'Deleted Items', tafuta maneno 'Recover Deleted Items from Server'. Hapo hukaa vitu vilivyoondolewa hata kutoka kwenye pipa la taka.

Lakini hapa muda ni mali. Katika akaunti za kazini zilizo kwenye huduma ya Microsoft, kiwango cha kawaida cha kuhifadhi vitu hivyo ni siku 14, na msimamizi anaweza kukiongeza hadi siku 30 pekee. Anayesubiri hadi mwisho wa muhula ndipo amwite fundi atakuwa amechelewa.

Faili lililoachwa nyuma

Wakati mwingine folda hutoweka kwa sababu tarakilishi ilibadilishwa, au Windows ilisakinishwa upya. Katika hali hii inafaa kufahamu kwamba Outlook huweka data yake katika mafaili ya aina mbili.

Faili lenye mwisho wa .pst ni mali ya tarakilishi yenyewe, na yaliyomo huenda hayapo pengine popote duniani. Lenye mwisho wa .ost kwa kawaida ni nakala ya yaliyo kwenye seva. Tangu toleo la 2010, mafaili ya .pst huwekwa katika folda ya 'Outlook Files' iliyo ndani ya 'Documents'. Kabla ya hapo yaliwekwa katika sehemu ya Windows ambayo kwa kawaida imefichwa, hivi kwamba mtu anayenakili nyaraka zake huweza kuyaacha bila kujua.

Tafuta *.pst kwenye diski ya zamani. Ukilipata faili, linakili kwenye tarakilishi mpya, kisha katika Outlook uende 'File', 'Open & Export', na 'Open Outlook Data File'. Folda zake zote zitajitokeza upande wa kushoto, na anwani zako zikiwa miongoni mwake.

Faili likikataa kufunguka, huenda limeharibika. Mafaili ya matoleo yaliyotangulia Outlook 2003 hayakuweza kuzidi ukubwa wa gigabaiti 2, na yaliyojaa kupita kiasi hicho yaliharibika. Microsoft huambatanisha na Outlook programu ndogo ya ukarabati iitwayo SCANPST. Tengeneza nakala ya faili kwanza, kisha uikarabati nakala hiyo. Vitu vilivyookolewa huweza kuwekwa katika folda yenye jina 'Lost and Found'.

Mtego wa kufuta akaunti

Sasa turudi kwenye onyo la mwanzoni. Akaunti nyingi za baruapepe hutumia utaratibu uitwao IMAP. Utaratibu huo husafirisha barua kati ya seva na tarakilishi, lakini hausafirishi anwani.

Ndiyo sababu tangu toleo la 2013, Outlook huweka anwani za akaunti za IMAP katika folda yenye maneno 'This computer only', yaani katika tarakilishi hii pekee. Maneno hayo yana uzito. Anwani hizo hazipo kwenye seva, ingawa zimo katika faili la .ost ambalo wengi huliona kuwa nakala tu.

Mtu akiifuta akaunti hiyo akitarajia kuirudisha upya, barua zake zitarudi zote kutoka kwenye seva. Anwani hazitarudi. Hapo ndipo tatizo dogo la kisanduku kisicho na alama hugeuka kuwa hasara ya miaka kumi.

Kwa hivyo, fundi akikuambia kwamba njia ya mkato ni kuifuta akaunti au kusakinisha Windows upya, mwombe kwanza akuonyeshe anwani zako ziko katika faili gani, na akupe nakala ya faili hilo. Fundi mwema hataudhika.

Wanaotumia programu nyingine

Waliotumia Outlook Express katika enzi ya Windows XP walihifadhi anwani zao katika faili lenye mwisho wa .wab. Huduma ya Microsoft kwa Windows XP ilikoma Aprili 2014, lakini faili hilo huenda bado lipo kwenye diski kuukuu iliyotupwa kabatini. Usiitupe diski kabla ya kulitafuta.

Programu za Mail na People zilizokuja na Windows 10 nazo zilikatiwa huduma na Microsoft tarehe 31 Desemba 2024. Aliyekuwa na anwani za akaunti ya Microsoft au Google humo atazikuta akiifungua akaunti yake kupitia kivinjari.

Kwa wanaotumia Thunderbird, toleo la 68 la mwaka 2019 lilileta utaratibu ambao uliweza kumfungulia mtumiaji wasifu mpya mtupu, na wa zamani ukabaki pale pale kwenye diski. Ukurasa wa about:profiles, unaofikiwa kupitia taarifa za utatuzi katika menyu ya 'Help', huorodhesha wasifu zote. Tangu toleo la 78 la mwaka 2020, anwani hukaa katika faili la abook.sqlite, kabla ya hapo lilikuwa abook.mab.

Walio na akaunti ya Gmail wana nafuu. Katika ukurasa wa anwani wa Google, mtu aliyefutwa hukaa kwenye pipa kwa siku 30, na mwenye akaunti anaweza pia kuirejesha orodha nzima jinsi ilivyokuwa siku yoyote ndani ya muda huo.

Akiba haiozi

Ukishazipata anwani zako, usilale kabla ya kuzitengenezea nakala. Katika Outlook, nenda 'File', 'Open & Export', 'Import/Export', kisha uchague kuhamishia kwenye faili. Aina ya CSV hufunguka katika Excel na hupokelewa na karibu kila huduma ya baruapepe. Hata hivyo, CSV haibebi makundi ya wapokeaji uliyoyaunda. Ukitaka na makundi, hamisha kwa aina ya .pst.

Weka nakala moja nje ya tarakilishi hiyo, na uifanye upya kila mwisho wa muhula au wa mwezi. Jaribu kuifungua ili uhakikishe kwamba ina kitu ndani yake.

Kumbuka pia kwamba majina, simu na anwani za watu ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde. Ukizifungulia nakala zako kwenye tarakilishi ya umma, usiondoke na kuliacha faili humo.

Ama kuhusu yule katibu, hatua zake ni tatu kabla ya yote: afungue folda kwa Ctrl na 3, atazame folda zote kwa Ctrl na 6, kisha amtafute mdhamini mmoja kwa jina. Hatua hizo hazifuti chochote na huchukua muda mfupi kuliko wa kumngoja fundi afike. Wahenga walinena kwamba mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Lakini hata mtafutaji asiyechoka hawezi kukipata kitu alichokwisha kukifuta kwa mkono wake mwenyewe.